Muulize Fundi: Ruufu inalia kama kitanda cha gesti

Masika imeingia, wageni wamepungua na magari ya watalii yamerudi gereji kulala. Kila mwaka muda kama huu napata maswali ya ruufu za kunyanyua, yaani paa la gari linaloinuka wageni wasimame waone wanyama, zile wenzetu wengine wanaita popapu, ila mwaka huu yamezidi mpaka nimeamua ukurasa mzima uwe wa hilo tu. Wenye maswali ya klachi na taa za dashibodi mnisamehe, mtasubiri mwezi ujao.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, naendesha Land Cruiser ile ndefu iliyoongezwa chesisi, siti saba za wageni, ruufu ya faiba inanyanyuka yote kwa pamoja. Tangu tumerudi trip ya Ndutu mwezi wa pili hii ruufu inalia mpaka aibu. Nikiwa lami kimya kabisa, nikishapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro tu nikaingia vumbi inaanza kwiii kwiii, tok, kwiii, mpaka geti la Naabi la Serengeti. Nimepaka grisi kila penye chuma, wiki ya kwanza ikanyamaza, wiki ya pili ikarudi na nguvu mpya. Kuna mgeni mmoja mzee aliirekodi kabisa kwenye simu akasema anaenda kumsikilizisha mkewe. Bosi anataka tubadilishe ruufu nzima. Je ni kweli imekufa? — Dereva, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie bosi ashike hela yake kwanza. Ruufu ya faiba haibadilishwi kwa sababu inalia, inabadilishwa ikipasuka vibaya au ikipinda isifunge tena, na wewe hujasema imefika huko.

Kitu cha kwanza, usiamini sikio lako. Ruufu ya faiba ni ngoma, ina uwazi mkubwa chini yake na yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo kelele ikizaliwa popote kwenye bodi inapanda juu inakuzwa kule na wewe dereva unaapa imetoka juu ya kichwa chako. Mimi mwenyewe nimeshaaibika kwa hili. Niliwahi kufungua ruufu ya gari moja, nikatoa ile mikono ya chuma inayoinyanyua yote, nikasafisha, nikafunga, siku mbili nzima, tunatoka kujaribu kelele ile ile. Siku ya tatu kijana anayeosha magari anafungua kuulboksi atoe maji ya barafu akaniambia mzee hii bawaba ya huku mbona imekatika. Ndiyo ilikuwa kelele yenyewe. Kifuniko cha kuulboksi! Mpaka leo wakiniona na kuulboksi wananicheka.

Kwa hiyo kabla hujashika spana toa kila kitu ndani. Kuulboksi, jeki, mtungi wa kuzimia moto pamoja na kibao chake, mito ya kuwekea kamera, mwavuli wa bosi, vyote. Mikanda ya siti funga vichwa vyake visining'inie maana kile chuma kikigonga bodi kinatoa sauti ya ajabu. Halafu tafuta kipande cha barabara mbovu yenye mikunjo, mtu mwingine aendeshe taratibu wewe ukae nyuma, usiwe unasikiliza tu, weka viganja juu. Kiganja kinajua kuliko sikio. Ukibonyeza sehemu kelele ikakata, ukaachia ikarudi, basi uko karibu, weka alama kwa chaki uendelee.

Ukimaliza hapo fanya jaribio lingine ambalo wengi hawalifanyi na ni la bure. Nyanyua ruufu, hakikisha imekaa kwenye vizuizi vyake, halafu tembea tena pale pale polepole sana bila mtu kusimama. Kama kelele imepotea ruufu ikiwa juu, basi tatizo liko pale ruufu inapokutana na bodi, yaani raba na komeo. Kama inaendelea kulia hata ikiwa juu, basi ni mikono na pini zake au ni bodi lenyewe. Hapo tayari umeshakata kazi nusu na hujafungua nati hata moja.

Wewe umesema kwiii kwiii halafu tok. Mimi nasikia vitu viwili hapo, sio kimoja.

Kwiii ya kwanza naishuku raba. Ile raba inayozunguka ukingo ikikauka na ikipata vumbi inakwaruza kwenye faiba kama kiatu kipya kwenye sakafu ya vigae. Na vumbi la Ndutu mpaka Naabi sio la kawaida, ule uwanda umejengwa na majivu ya volkano, ni laini kama unga wa sembe na linaingia sehemu ambayo hata maji hayaingii. Sasa hapo ndipo ulipokosea na grisi, na usijisikie vibaya maana karibu kila dereva anafanya hivyo. Grisi ikikutana na lile vumbi inageuka msasa. Wiki ya kwanza kimya kwa sababu ni mbichi, wiki ya pili umeshatengeneza kitu cha kusagia pini zako mwenyewe. Na kama ilifika kwenye raba ndio balaa lingine, grisi na mafuta yanayotokana na petroli yanavimbisha raba nyingi za aina hiyo, inakuwa laini, inanata, mwisho inachanika. Kuna wanaopaka oili chafu kabisa, iliyotoka kwenye injini. Nawaomba muache.

Osha raba yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, pitisha kitambaa mpaka kitoke kisafi, acha ikauke. Halafu nenda duka la vipodozi nunua glisarini, hiyo hiyo dada zetu wanapaka ngozi, paka kidogo kwa kitambaa, subiri iingie, futa yote iliyobaki juu maana ukiiacha inanata na itaita vumbi tena. Ukipata silikoni ya kupuliza ni nzuri zaidi, nayo futa. Siku ya safari pitisha poda ya mtoto kwenye raba, kidogo tu, utashangaa. Poda pia ni kipimo, kama umepaka na kwiii imekufa palepale basi hukuwa na ugonjwa mwingine upande huo, ni raba tu.

Ukiwa hapo angalia kama raba bado inabana. Chukua noti ya buku, iweke ukingoni, funga ruufu na komeo zake, vuta noti. Itoke kwa kusita. Ikitoka kama hamna kitu hapo raba imelala au komeo limelegea, zunguka gari lote hivyo, kila baada ya kiganja kimoja. Palipolala usinunue raba mpya haraka, kata ukanda wa tyubu ya tairi uuweke chini ya raba uipandishe, watu wanaendesha miaka na tyubu humo. Komeo unalikaza nusu mzunguko kila mara, pembe zote nne sawasawa. Msikazane kwa hasira. Ukibana pembe moja kuliko nyingine faiba inajikunja na kelele inahamia pembe ya pili, halafu utaniandikia tena.

Tok ndiyo inanipa wasiwasi kidogo. Tok ni chuma kinaruka ndani ya tundu. Nyanyua ruufu, shika ukingo kwa mikono miwili, itikise mbele nyuma na kushoto kulia huku mwenzako ameweka kidole pale mkono unapoungana na bodi, kimoja kimoja. Kidole kitahisi. Mara nyingi tundu limeshakuwa yai, halina duara tena, na bolti imeliwa katikati. Fundi mvivu ataweka bolti nene akukabidhi gari, itanyamaza miezi miwili. Kazi inayokaa ni kulichonga tundu liwe duara tena halafu kutia bushi, yaani kijibomba kinachokaa kati ya pini na tundu. Bushi za nailoni zinapatikana, ukikosa saizi mpelekee mtu mwenye mashine ya kukereza pale mtaa wa Unga Limited kipande cha kibao cha plastiki cha kukatia nyama, kile kinene cheupe, atakutolea bushi nzuri kabisa, nimeshafanya mara nyingi. Pini zisafishe kwa mafuta ya taa ukiwa umezitoa nje ya gari, kausha, kwenye nailoni usipake grisi, pitisha silikoni kavu au unga wa grafaiti. Nati tumia zile zenye plastiki ndani zisizolegea, na usikaze mpaka mkono ushindwe kukunjuka, mkono unatakiwa utembee.

Sasa kuna jambo la mwisho na hili lifanye hata kama kelele imeshaisha. Chukua boksi la viatu, toa kifuniko, lisokote kwa mikono. Linasokoteka kirahisi eh? Rudisha kifuniko, sokota tena, linagoma. Gari lako ni boksi lililokatwa kifuniko. Walipokata paa la kiwandani ili waweke hilo la kunyanyua, waliondoa kitu kilichokuwa kinalishika bodi lisijisokote, na fundi mzuri alirudisha nguvu hiyo kwa kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka uwazi wote. Na lako chesisi imerefushwa juu ya hapo. Fremu ikipata nyufa, gari linajisokota kwenye kila shimo na ruufu inalia kwa sababu inavutwa huku na huku, hapo hata upake asali hainyamazi.

Kujua ni rahisi. Panda tairi moja la mbele kwenye jiwe kubwa au ukingo wa lami, zima gari, jaribu kufungua na kufunga ruufu. Ikiwa kwenye tambarare inafunga kwa kidole na hapa komeo limegoma kabisa, bodi linajisokota kupita kiasi. Halafu tochi mkononi kagua pembe nne za uwazi, rangi iliyopasuka kama mstari wa nywele, kutu inayotoka kwenye mstari, silikoni iliyochanika. Ukiona hivyo gari isibebe wageni mpaka mtu wa kuchomelea anayejua bodi ameiona. Na asije akaziba ufa kwa juu tu, atoboe kitundu kidogo mwisho wa ufa usiendelee, achomelee, aweke kiraka cha kutia nguvu.

Na shokapu zako ni za lini? Na upepo unaojaza lami ndio huo huo unaingia nao kwenye mikunjo ya Naabi? Punguza kidogo ukiingia vumbi, usizidishe maana umebeba watu saba, ukirudi lami jaza. Nusu ya kelele za magari ya hapa kwetu zinaanzia chini kwenye tairi.

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Mie ni wa Mombasa, nna HiAce ya kupeleka wageni Tsavo, kutoka hoteli za Diani na kurudi. Paa ni la alminiamu, lanyanyuka katikati. Fundi, lapiga tatatata kama mtu anamwaga njugu, na mvua ikinyesha lavuja pembeni tone tone kwa mgeni wa siti ya nyuma. Ajabu yake asubuhi tukitoka si sana, jua likishawaka pale Voi ndo balaa. Makanika kanambia ni shokapu, nimebadilisha zote nne, kelele iko pale pale. Nshachoka. — Mwenye gari, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Shokapu mpya hazijaharibika, zitakufaa, ila hazikuwa ugonjwa.

Tatatata inayoongezeka na jua, pamoja na kuvuja, hiyo kwa asilimia kubwa ni riveti, vile vipini vinavyoshikilia bati kwenye fremu. Paa lako la alminiamu limekaa kwenye fremu ya chuma na hivi vitu viwili havipendani. Kwanza havipanuki sawa, alminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua paa la mita 3, kutoka baridi ya alfajiri mpaka bati limechomwa na jua la Voi weka tofauti ya digrii 30, alminiamu imeongezeka kama milimita 2 na chuma chini yake kimeongezeka 1 tu. Hiyo milimita moja iliyobaki inaenda wapi? Inavuta riveti. Kila siku asubuhi na jioni, miaka. Riveti ikishalegea paa linapata nafasi ya kucheza na ndiyo maana mchana linapiga.

Pili ni bahari. Hewa ya chumvi ya Diani ikikaa katikati ya chuma na alminiamu, ile alminiamu inaliwa, unaona unga mweupe ukingoni mwa riveti na tundu linapanuka lenyewe. Gari la Nairobi halipati hili haraka namna hiyo, la pwani linapata.

Panda juu na kitambaa chenye maji, futa vumbi jekundu lote la Tsavo maana linaficha, halafu angalia kila kichwa cha riveti. Inayocheza ina pete nyeusi au ya kijivu imeizunguka kama moshi, ni unga wa bati linalosagika. Mafundi wa ndege wanaitafuta pete hiyo hiyo kwenye ndege zao na wanaiita riveti inayotoa moshi, kwa hiyo ukipanda juu ya HiAce yako na tochi usijione mjinga, uko kwenye kazi ya watu wa ndege. Yenye pete bonyeza kwa kidole gumba huku mwenzio anagonga paa taratibu kwa ngumi, utaisikia.

Kutengeneza, usipige riveti mpya kwenye tundu la zamani la saizi ile ile, itakaa mwezi. Toboa ile mbovu uitoe, safisha ule unga mweupe wote, kwangua kutu kwenye chuma upake rangi ya kuzuia kutu, kisha panda saizi moja, kama zilikuwa za milimita 4 weka 4.8. Katikati ya bati na fremu pakaza gundi ya poliurethani, ile inayobaki laini kama mpira hata ikikauka, sio silikoni ya dirisha la bafuni. Hiyo gundi inafanya kazi tatu kwa mpigo, inazuia maji, inatenganisha alminiamu na chuma zisigusane, na inaruhusu ile milimita moja itembee bila kulia. Riveti zenyewe ziwe za alminiamu, ukiweka za chuma tupu chumvi itaanza upya. Ubaya wake ni kwamba gundi inataka gari lilale, angalau usiku mzima bila safari, kwa hiyo usiende fundi Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi una wageni wa saa kumi na moja.

Kuvuja kukibaki baada ya hapo zibua matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa fremu kama gari lako linayo, huwa yamejaa udongo. Mwaga maji ya chupa uone yanatokea wapi. Ila ningebet yataisha na riveti.

SWALI: Habari fundi, naandika kutoka Uingereza ila kwetu ni Tanga. Tulinunua Mazda Bongo ya zamani kwa ajili ya kutembea na watoto likizo (ndio, mume wangu aliichagua kwa sababu ya jina tu). Paa lake linapanda kwa umeme na watoto wanalala juu. Shida ni usiku, mtoto akigeuka tu inalia kriiik, akigeuka tena kriiik, wakilala wote wawili hakuna anayelala chini. Mchana ikitembea hailii hata kidogo. Hapa gereji wanachaji kwa saa nikaona nikuulize wewe kwanza. — Mama wawili

JIBU: Jina pekee lingenitosha na mimi, Mbongo mwenye Bongo. Hizo za paa la kupanda, Bongo Friendee, zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, uzalishaji ulianza 1995 na Waingereza wameziagiza kwa wingi kutoka kule kama sisi tunavyoagiza zetu, kwa hiyo vipuri hapo ulipo hutahangaika.

Gari ikitembea kimya halafu ikilaliwa inalia, sahau raba na komeo. Ni vibao vya kitanda. Kuna vibao vinavyokaa kwenye ukingo wa faiba na vimegusana vyenyewe kwa vyenyewe, mbao juu ya plastiki, uzito ukihama vinasuguana. Mchana panda wewe, sio mtoto, usipande mzima, ingiza mikono tu ubonyeze kibao kimoja kimoja kwa kiganja kama unakanda chapati. Kitakacholia kitoe, angalia chini yake utaona pamelainika pamekuwa panang'aa. Hapo gundisha ukanda wa kapeti kuukuu nyembamba, na ukingoni vibao vinapokutana pia. Kazi ya nusu saa na haihitaji mtu wa kuchaji kwa saa.

Ikibaki baada ya hapo angalia mikono inayokunjana kama mkasi pande zote mbili. Futa pini zake, puliza silikoni kidogo ukiwa umeweka gazeti nyuma isirukie turubai, pandisha shusha mara tatu. Na ukiwa unapandisha simama nje uangalie, pande zote zipande pamoja. Upande mmoja ukichelewa au mota ikianza kulalamika acha hapo hapo, usiendelee kubonyeza swichi, inawezekana turubai limenaswa kwenye mkasi. Likinaswa linachanika na hilo ndilo la gharama.

Kuna kitu kidogo watu wa kempingi wanasahau, gari ikisimama kwenye mteremko au tairi moja ikiwa shimoni bodi linajisokota kidogo na kila kitu juu kinakuwa kimebanwa upande. Mtafute pa tambarare au mweke vibao chini ya tairi kabla hamjapandisha paa. Kuna familia moja niliwaambia hivyo tu kelele ikaisha, hawakufungua hata skrubu.

Na wale watoto wakikua wasiendelee kulala juu kwa mazoea, angalia kikomo cha uzito kwenye kitabu cha gari. Turubai nalo msilifunge likiwa bichi, kama mvua imewalazimisha kufunga basi mkifika nyumbani pandisheni tena likauke, kwa baridi ya huko halikauki na kuvu inaingia upesi.

SWALI: Mzee, kwa nini kila mwezi unaisema vibaya WD-40? Mimi natumia kwenye kila kitu na ruufu yangu imetulia. — Dereva, Nairobi

JIBU: Siisemi vibaya, ninayo kopo kwenye droo. Ila kumbuka jina lenyewe, hizo herufi ni za maneno yanayomaanisha kuondoa maji, na 40 ni kwamba walijaribu fomula mpaka ya arobaini, mwaka 1953. Kazi yake iliyozaliwa nayo ni kufukuza maji na kulegeza kilichokamata. Sehemu kubwa ya kile unachopuliza inayeyuka hewani, kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta ambao hauwezi kubeba mzigo wa mkono wa ruufu mwezi mzima na unashika vumbi vizuri sana. Itumie kulegezea bolti iliyoota kutu, kisha safisha, kisha weka kile kinachotakiwa kukaa pale. Ruufu yako imetulia kwa sababu unapuliza kila wiki, sio kwa sababu imepona. Acha wiki tatu uniandikie.

SWALI: Fundi, ruufu yangu nikiwa peke yangu haitoi sauti, nikibeba wageni inalia. Nimelogwa? — Dereva, Karatu

JIBU: Hujalogwa, wageni wanaining'inia. Mgeni akimwona chui anasimama kwenye siti, anashika ukingo wa ruufu kwa mikono miwili na anauegemea wote na kamera yake ya kilo tatu, na ile mikono ya kunyanyulia haikutengenezwa kubeba mtu pembeni. Funga bomba la kushikilia kwenye fremu ya bodi, sio kwenye ruufu, lizungushie sponji na ngozi, na asubuhi kabla hamjaingia geti waonyeshe ndio pa kushika. Halafu kagua pini za upande wa kulia kwanza, maana abiria wako wengi wanakimbilia upande ambao wewe umechungulia.